Msiwapokonye watoto ala za wazazi wao waliofariki

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikosesha utulivu tangu nilipohudhuria mazishi ya mpiga nyatiti mmoja katika nyanda za Kano, si mbali na Ahero, miezi kumi na minne iliyopita. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Alimwacha mjane na watoto watatu, na miongoni mwao yumo msichana aliye sasa katika kidato cha tatu ambaye, kwa maoni yangu mimi niliyefundisha muziki kwa miaka 29 katika shule za Kakamega na Kisumu, ana sikio kali kuliko mwanafunzi mwingine yeyote niliyewahi kukutana naye. Sitamtaja jina kwa sababu bado ni mwanafunzi na kwa sababu mzozo ninaotaka kuueleza haujamalizika. Ninachosema ni hiki: mtoto mwanamuziki anapofiwa na mzazi aliyemfundisha, kitu cha kwanza tunachomwondolea ndicho kile kile ambacho kingemsaidia kusimama, kisha tunamshangaa anapokawia kuinuka.

Kwa wasomaji wasioifahamu, nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akachezesha vidole vya mikono yote miwili, huku kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kilichovishwa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, kikigonga mti wa ala ili kushika mapigo, na njuga ziitwazo gara zikilia mguuni. Mtu mmoja huwa bendi nzima. Wapenzi wa benga nao wajue kwamba lile gitaa linalokimbizana na sauti ya mwimbaji limerithi mengi kutoka kwa vidole vya wapiga nyatiti.

Marehemu alijipatia riziki yake matangani. Alialikwa Kano, Nyakach, Seme na hata ng'ambo ya Mto Yala, na huko alipiga usiku kucha huku waombolezaji wakimsimamisha mara kwa mara kwa pakruok, yaani mtu anatoa pesa, muziki unanyamaza, anajisifu na kuwasifu awapendao, kisha nyuzi zinaendelea pale zilipoachia. Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na binti huyu alianza kwa kuvukuta: alimbebea babake kigoda, akamfunga gara mguuni, akashika karai la plastiki ambamo noti zilitupwa, na asubuhi akazihesabu na kuzikunjua moja moja juu ya goti. Alipofika miaka tisa alikuwa amekwisha kujua nyimbo za babake kwa moyo, pamoja na mahali ambapo babake hukosea.

Mila, kama wengi wanavyojua, haikumruhusu mwanamke kupiga nyatiti. Babake alilijua hilo. Alimfundisha usiku, mlango ukiwa umefungwa, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwa kifupi kwamba kifungua mimba wake ana mikono ya kushika usukani wa bodaboda, kitinda mimba bado ananyonya, na yeye mwenyewe hana hakika ataishi miaka mingapi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mafuriko ya mwaka wa 2024 yalipoingia nyumbani kwao, mama alitoka na mtoto mgongoni, baba akatoka na nyatiti kichwani, na godoro likafuata siku ya pili likiwa limelowa chapachapa. Mkewe alimlaumu kwa hilo hadi mwisho, na sidhani alikosea.

Aliugua figo na kufariki. Katika usiku wa kuamkia mazishi, familia ilikodi spika kubwa na mpiga santuri kutoka mjini, naye akatuchezea nyimbo zile zile zinazochezwa katika kila matanga, za injili mpaka saa nne na za densi baada ya hapo. Hakuna aliyemuuliza binti kama angependa kumpigia babake. Alipothubutu kuuliza mwenyewe, shangazi zake walimwambia kwamba mwanamke hashiki nyatiti, na kwamba msiba si mahali pa kuchezea. Nilikuwa nimeketi umbali wa hatua tano, nikayasikia maneno hayo, nikanyamaza, na hilo ni kosa langu ambalo siwezi kumtwika mtu mwingine. Mpiga nyatiti mashuhuri wa eneo zima alizikwa bila uzi hata mmoja kuguswa.

Siku iliyofuata ami yake aliichukua nyatiti na kuipeleka kwake, akisema kwamba ala ya ukoo haiwezi kulala katika nyumba ya mjane na kwamba itatunzwa na mwanawe wa kiume. Mgala muue na haki yake mpe: ami huyo ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu, na siamini kwamba nia yake ilikuwa kumuumiza mtu. Lakini mwanawe hapigi nyatiti. Nimefika nyumbani huko na kuiona ala hiyo ikining'inia ukutani juu ya televisheni, ngozi yake ikiwa imeanza kulegea kwa unyevu, na nyuzi mbili zimekatika.

Kuna kitu kimoja ambacho ami hakukipata. Siku babake alipopelekwa hospitalini, binti alimvua ile pete ya kidoleni kwa sababu mguu ulikuwa umevimba, akaitia katika mkebe wake wa vifaa vya hisabati, pamoja na bikari na rula. Ilirudi naye shuleni bila yeye mwenyewe kukumbuka. Muhula huo hakuimba, hakuigusa piano ya shule, wala hakukanyaga chumba cha kwaya. Alama zake zilishuka. Walimu walimwambia ajikaze. Kisha ikaanza habari ya kelele bwenini: usiku, taa zikiwa zimezimwa, wasichana walisikia chuma kikigonga chuma, polepole na kwa kipimo kisichobadilika, kwa robo saa au zaidi. Matroni alidhani ni utundu. Binti aliadhibiwa kwa kufyeka nyasi nyuma ya maktaba, akafyeka, na usiku uliofuata akaendelea.

Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye niliwahi kufanya kazi naye, alinipigia simu kwa kuwa alijua ninaifahamu familia hiyo. Nilimkuta binti ameketi chini ya mti, akaitoa pete mfukoni na kunionyesha. Ilikuwa kubwa mno kwa kidole chake, hivyo alikuwa amekizungushia utepe wa kitambaa cha buluu alioukata kwenye ukosi wa shati la babake kabla nguo hazijagawanywa. Nilimuuliza alikuwa akipiga wimbo gani pale kitandani. Alijibu kwamba hapigi wimbo wowote. Anashika mapigo tu, asije akayasahau.

Bwana Mhariri, nimewafundisha vijana wengi waliofiwa, kwa maana katika miaka ya mwisho ya tisini na ile iliyofuata hapakuwa na darasa katika eneo hili la magharibi ambalo halikuwa na yatima, na katika muda wote huo nilikuwa nikirudia neno hilo hilo, jikaze, kama dawa ya kila ugonjwa. Nalitumia mara chache sasa. Tunapomwambia mtoto ajikaze huwa tunamaanisha asitulilie mbele yetu. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka wa 1999 kwamba mtu aliyefiwa huenda na kurudi: mara anakabili kile alichopoteza, mara anaugeukia upande wa kuishi, kujifunza majukumu mapya na kupumzika kidogo na majonzi, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kunakomponya, si kukaa upande mmoja tu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka binti huyu na pete yake. Robo saa ya kugonga kitanda ilikuwa zamu yake ya kumwendea babake. Kukicha alirudi darasani. Sisi tukaiita utundu.

Tulichofanya baada ya hapo hakikuwa kikubwa. Nilizungumza na shule, wakakubali awe na saa moja jioni katika chumba cha muziki. Seremala mmoja wa Kibuye alituchongea bakuli kutoka kwa kipande cha gogo kilichobaki kwenye karakana yake. Halikuwa la duara kamili, nasi hatukulalamika kwa sababu hakututoza chochote ila chai. Ngozi ya mbuzi niliinunua kwa mchinjaji kwa shilingi 400. Nyuzi tulizipata Dunga, kwa wavuvi, kwa maana siku hizi nyatiti hutiwa nyuzi za nailoni zile zile zinazotumiwa kuvulia samaki, nao wavuvi walipoelezwa ni za nini walikataa pesa na kutupa uzi wa unene wa aina tatu ili tuchague. Kazi ya kufunga nyuzi juu ya mti wa mbele aliifanya mwenyewe. Huko juu kila uzi huviringishwa juu ya pete ya kitambaa, na ni hiyo pete ya kitambaa inayozungushwa kwa kidole gumba ili kuupandisha au kuushusha uzi mpaka ulingane na wenzake. Vitambaa vinane vyote vilitoka kwenye shati lile lile la buluu.

Ilichukua jioni tatu kuzilinganisha nyuzi hizo. Niliona jambo ambalo miaka 29 ya ualimu haikuwa imenionyesha: wakati wa kulinganisha nyuzi alilia, machozi yakidondoka juu ya ngozi mpya, naye akiyapangusa kwa kiwiko ili vidole visiteleze, lakini wimbo ulipoanza macho yalikauka na uso ukawa wa mtu aliye kazini. Sauti ya ala yenyewe ilikuwa duni, nasema kweli. Ilikuwa na ukelele wa kopo. Lakini mapigo yalikuwa mapigo ya babake, pamoja na lile kosa lake dogo la kuchelewa kidogo kabla ya kurudia kiitikio, ambalo binti analijua kuwa ni kosa na hataki kulisahihisha.

Wazee husimulia kwamba nyuzi nane za nyatiti zina maana yake: nne ni siku nne za mwanzo za mtoto wa kiume anapozaliwa, na nne ni siku nne anazoombolezewa mwanamume anapofariki. Nilimwambia habari hiyo nikidhani ninampa somo jipya. Alikuwa anaijua tangu utotoni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza: "Mwalimu, zile nne za mwisho za baba zilipigwa na nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba mila ni mila. Ninaiheshimu mila ya majirani na wakwe zangu, nami si mtu wa kuamini kwamba kila kilichotoka kwa babu ni kibaya. Hata hivyo, Mjapani Eriko Mukoyama, anayefahamika kwa jina la Anyango, alifika hapa akajifunza nyatiti kwa mzee wa Siaya, akakubaliwa, akapewa jina, na leo anaipiga kwenye majukwaa ya nje tukimshangilia. Labdi Ommes, binti wa humu nchini, anapiga orutu, ala ambayo nayo ilikuwa ya wanaume, na sijasikia kwamba kuna ziwa lililokauka kwa sababu hiyo. Iwapo tuliweza kumfungulia mlango mgeni aliyesafiri kutoka Tokyo, itakuwa ajabu kumfungia mtoto aliyelelewa miguuni pa mpigaji mwenyewe, tena katika wiki ambayo anamzika. Na mila hiyo hiyo, kama tutaifuata kwa ukamilifu, ilitaka mpiga nyatiti asindikizwe kwa nyatiti. Tuliivunja nusu hiyo kwa kukodi spika bila mtu yeyote kunung'unika.

Nimeishi pia mahali ambapo mambo hufanywa kwa namna nyingine. Nilipokuwa nikifundisha karibu na Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, nilihudhuria mazishi ya mpiga isukuti. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho hupigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga, na hakuna harusi wala maziko yanayotimia bila hizo. Marehemu alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa. Mwanawe, mvulana wa darasa la sita, alikuwa amejificha nyuma ya jikoni. Mzee mmoja alimwendea, hakumwambia ajikaze wala asijikaze, alimtundikia tu ngoma ndogo begani na kumvuta katikati ya wapigaji. Mvulana alipiga vibaya mwanzoni, wakamsubiri. Walizunguka boma mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na jua lilipokuwa likizama alikuwa anapiga sawasawa na watu wazima, jasho na kamasi vikimtiririka kwa pamoja. Sisemi kwamba siku hiyo ilimaliza huzuni yake. Nilimfundisha baadaye na najua haikuimaliza. Lakini tangu mwanzo alikuwa na mahali pa kuiweka.

Isukuti yenyewe iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wengi wa wanaoijua wamezeeka na hawana warithi wa kuwaachia ujuzi. Kwa upande wa nyatiti, Ayub Ogada, aliyeifikisha mbali kuliko wengi, alituacha mwaka wa 2019. Tunalia kila mara kwamba vijana hawataki vya asili. Huyu hapa anavitaka, na tumemnyang'anya.

Niruhusu, Mhariri, niingie kidogo katika sheria, kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi, wakiwemo wajane wenyewe, wanaamini kwamba mali ya marehemu ni ya ukoo hadi ukoo useme vinginevyo. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu anapofariki bila wosia akaacha mke na watoto, urithi huanza na hao. Iwe nyatiti imehesabiwa kuwa chombo cha nyumbani au kifaa cha kazi, ndugu wa marehemu hawako mbele ya mjane na watoto, na sheria haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinakataza mtu yeyote kujichukulia au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Sitaki ami wa mtoto afungwe. Nataka ajue tu kwamba anachokiita kutunza, sheria ina jina lingine la kukiita.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho kama ala inavyoonekana ukutani. Marehemu alitunga nyimbo. Tuni nyingine ni za jamii nzima na hakuna anayeweza kuzidai peke yake, ila maneno na mpangilio aliobuni ni vyake, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda utungo wa muziki kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka ambamo mtunzi alifariki. Haki hiyo hurithiwa kama mali nyingine yoyote. Kwa hesabu rahisi, kitinda mimba wa marehemu atakuwa na zaidi ya miaka hamsini kabla haki hiyo haijaisha. Lakini jamaa mmoja mpiga video, aliyemfuata marehemu matangani kwa miaka mingi, ameziweka nyimbo hizo kwenye YouTube kwa jina la biashara yake mwenyewe, na kila wiki baada ya mazishi aliongeza nyingine, akiandika maneno ya rambirambi juu yake. Kufa kufaana. Mjane alipomuuliza, aliambiwa kwamba anatangaza kazi ya marehemu bila malipo na kwamba anapaswa kushukuru. Familia sasa imeanza kuandaa makaratasi ya kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, kuanzia na barua ya chifu, ili baadaye iweze kusajili nyimbo hizo katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ni safari ndefu kwa mama anayeuza mboga. Laiti marehemu angalisajili mwenyewe akiwa hai, kazi ingekuwa nusu, na nawasihi wanamuziki wa vijijini wanaosoma barua hii wasingoje figo ziwakumbushe.

Sina orodha ya mapendekezo kwa serikali, maana gazeti hili limejaa mapendekezo kwa serikali. Ninazungumza na sisi tunaokaa kwenye viti vya plastiki chini ya mahema. Tangu habari za binti huyu zianze kusambaa vijijini, amealikwa mara tano kupiga katika matanga siku za likizo, na mara nne kati ya hizo hakulipwa. Sababu inayotolewa ni kwamba ni yatima na muziki unamfariji, hivyo kumwalika ni kumsaidia. Mwenye mahema analipwa. Mwenye viti analipwa. Mwenye jenereta hulipwa kabla hajaiwasha. Sijaona kamati ya mazishi ikimwambia mwenye sufuria kwamba kuzikodisha kutampunguzia huzuni. Karo ya binti huyu inadaiwa, na basari aliyopata haifiki nusu yake. Babake aliilipa kwa nyuzi hizo hizo ambazo sasa tunataka zitulilie bure. Mara moja aliyolipwa, huko Nyakach, alizikunjua noti juu ya goti kama zamani, akanipa mia mbili niwapelekee wavuvi wa Dunga. Walizikataa tena, nikazirudisha.

Muhula huu alishiriki Tamasha za Muziki za shule katika ngazi ya kaunti ndogo, akiwa na ile ala ya ukelele wa kopo. Katikati ya wimbo uzi wa tatu ulikatika. Niliwahi kuwa mwamuzi wa mashindano hayo, na nimewaona watoto waliobembelezwa zaidi yake wakikimbia jukwaani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Yeye alinyamazisha mikono, mguu ukaendelea kugonga, pete na mti, pete na mti, ukumbi mzima ukiwa kimya, kisha akaimba ubeti uliobaki kwa mapigo hayo peke yake. Hakupita. Waamuzi walisema, na kwa mujibu wa kanuni walikuwa sahihi, kwamba ala haikuwa katika hali ya kufaa. Nilimtafuta nje ili nimliwaze, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za ukumbi akiunga uzi na kulalamikia ngozi.

Na ngozi ndiyo hoja yangu ya mwisho, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa muziki na si fundi. Alhamisi ijayo familia itakutana kwa chifu kuhusu ile nyatiti ya babake, na ami ameahidi kufika. Hata tukiipata, ngozi yake imelegea kiasi kwamba haitalia bila kuwambwa upya, na ile ya mbuzi tuliyowamba sisi hulegea kila mvua inaponyesha ikabidi ianikwe juani kabla ya kuguswa. Mafundi niliowajua hapa Kisumu ama wamezeeka ama wamefariki. Iwapo kuna msomaji kutoka Siaya, Homa Bay, Migori au kwingineko anayemjua mtu anayewamba nyatiti kwa ngozi ya ng'ombe ikastahimili masika ya Kano, ninamwomba awasiliane nami kupitia meza yako. Gharama nitazibeba mimi, na ikiwezekana fundi huyo asikatae mwanafunzi wa kike kuketi karibu naye na kutazama anavyofanya.

Mwalimu mstaafu wa muziki,
Mamboleo, Kisumu